Filta ya jua: kabla ya kuuliza giza lake, uliza inatokaje

Kila jua likishapatwa, malalamiko yanayonijia ni yaleyale, na wala hayahusu picha zenye ukungu. "Dada, filta iligoma kutoka." Mtu amevuka mipaka kufuata kivuli cha mwezi, amesimika tripodi mapema, halafu zile sekunde alizozifuata zinampita akiwa amekumbatia lenzi, anahangaika na pete ya chuma iliyokaza.

Kwa hiyo humu sitazungumzia megapikseli. Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe inatosha, na lenzi kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo jua linavyojaa kwenye picha. Basi. Tuje kwenye filta.

Wauzaji husifia giza. Giza ni lazima, sikatai: filta salama kwa jicho hupitisha takriban sehemu 1 tu kati ya 100,000 za mwanga, na hukaa mbele ya lenzi. Vile vifilta vidogo vinavyofungwa upande wa jicho kwenye darubini usiviguse, maana joto lote lililokusanywa na darubini huishia hapo, kioo kikapasuka na jicho lako likiwa papo hapo. Lakini giza filta zote za maana zinalo. Zinapoachana ni kwenye kushika na kuachia.

Jua likipatwa kikamilifu, filta inatakiwa itoke kwenye kamera sekunde chache kabla halijafunikwa lote, kama unaitaka ile pete ya almasi (mng'ao wa mwisho wa jua unaometa kwenye ukingo wa mwezi), na irudi mara tu ukingo wa jua unapochomoza upande wa pili. Korona, ule mwanga unaolizunguka jua lililofunikwa, ni hafifu mno. Filta ikibaki, utaondoka na picha nyeusi tupu. Kupatwa kwa tarehe 12 Agosti 2026, kunakopita Greenland, Iceland na Hispania, giza lake refu kabisa ni dakika 2 na sekunde 18. Kule kwa tarehe 2 Agosti 2027 kunafika dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor, Misri, na hata hapo pete ya almasi haitakusubiri.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni karatasi ya AstroSolar ya kampuni ya Baader yenye namba 5.0 (ndilo lile giza la 1 kati ya 100,000), ikiwa kwenye kifuniko cha kuvalisha mbele ya lenzi. Ndiyo, naipendelea, na sioni aibu. Jua linatoka jeupe kama lilivyo, madoa yake yanasomeka vizuri, na kifuniko unakivuta kwa mkono mmoja bila kugusa fokasi. Ukinunua karatasi peke yake, unaweza kujitengenezea kifuniko cha kadibodi. Usiivute ikakaza kama ngozi ya ngoma. Mikunjo midogo haiharibu picha, kuivuta ndiko kunakoharibu. Kifuniko kibane kiasi kwamba ukiinamisha lenzi chini na kuitikisa kidogo hakidondoki, kwa sababu upepo hauna adabu. Na kabla ya kila matumizi kiinue kuelekea jua ukiwa umevaa miwani ya kupatwa kwa jua. Ukiona tundu au mkwaruzo unaopitisha mwanga, tupa.

Angalia namba, tafadhali. Baader hiyohiyo inatengeneza karatasi ya 3.8 ambayo ni ya kamera tu. Hiyo hupitisha mwanga takriban mara 16 zaidi ya ya 5.0, na si ya kuchungulia kwa jicho hata kidogo. Mara nyingi mchuuzi anayekata vipande na kuvitia kwenye mfuko usio na maandishi hajui anakuuzia ipi.

Namba mbili ni filta za sumaku: pete inabaki kwenye lenzi, kioo kinabanduka. Kutoka zinatoka haraka kuliko zote, ila kioo kikigongwa kinaweza kubanduka kabla hujataka, na kwenye kamera ambayo jicho huchungulia moja kwa moja kupitia lenzi hilo ni suala la jicho, si la picha. Tazama kwenye skrini. Tatu ni za kampuni ya Thousand Oaks zenye karatasi nyeusi. Jua linatoka rangi ya chungwa, na wengi wanaipenda. Mimi naiona imetiwa chumvi.

Za kufunga kwa skrubu nazisukuma chini, hata zile za kioo ghali. Ukizungusha filta, unazungusha na pete ya fokasi, tripodi inasogea, jua linatoka kwenye fremu. Ila jua likipatwa kwa sehemu tu, au kipete (mwezi unaacha pete ya jua pembeni) kama tarehe 6 Februari 2027, filta haitoki mwanzo hadi mwisho, na hapo skrubu inakuwa ndiyo bora kuliko zote. Jiulize kwanza unaenda kuona kupatwa kwa namna gani.

Za bei ya chini? Kioo cha kuchomelea vyuma cha namba 14 kinakinga jicho, lakini picha inatoka ya kijani. Filta za kawaida za kupunguza mwanga, miwani ya jua, filamu ya eksirei: hapana.

Sasa wauzaji. Kinachonikera kuliko bei kupaa tarehe inapokaribia ni vibandiko. "Imeidhinishwa na NASA": NASA haiidhinishi chapa yoyote. "ISO 12312-2" kwenye filta ya kamera: kiwango hicho ni cha miwani na vitazamio vya kushika mkononi, hakihusu kabisa kinachofungwa mbele ya lenzi au darubini. Ukivaa miwani hiyo halafu ukachungulia kwenye darubini isiyo na filta, mwanga uliokusanywa utaiunguza miwani na jicho, na retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, haina maumivu ya kukuonya. Muuzaji mmoja nilipomweleza hayo alinijibu kwamba wateja wake hawajalalamika.

Halafu kuna wanaokuuzia "filta ya mwezi" kwa ajili ya kupatwa kwa mwezi. Mwezi ukipatwa hauhitaji filta yoyote, wala kwa jicho wala kwa kamera. Ukiwa mwekundu ndani ya kivuli unafifia hadi unaanza kuomba mwanga. Pesa hiyo iweke kwenye tripodi isiyotetemeka na rimoti ya kufyatulia. Kwa lenzi ndefu, picha ya sekunde kadhaa itaburuza mwezi, maana angani unahama upana wake mzima kila dakika 2 hivi. Pandisha ISO ya kamera (wepesi wake wa kunasa mwanga, si kile kiwango cha miwani), fungua lenzi yote, ubaki chini ya sekunde moja kadiri uwezavyo. Ukiwa umeshainunua filta hiyo, irudishe dukani kama risiti bado ipo.