Uzoefu wangu na hawa jamaa wa kuzamia: nani kakwambia uguse koki yangu?

Nimetoka kuzamia na hawa jamaa juzijuzi tu na hasira bado hazijapoa, kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kukwambia mitungi yao ni ya lita ngapi na boti inabeba watu wangapi ruka hii, hayo wameyaandika wenyewe kila mahali. Mi nimekuja kwa ajili ya koki, ile ya kufungulia hewa kwenye mtungi. Koki tu. Nyota moja, na hata hiyo moja si ya ofisi, mtaona ni ya nani.

Iko hivi. Mi na mwenzangu tuna utaratibu wetu kabla ya kuingia majini na hatuuachi hata tukichelewa vipi. Jaketi linajaa upepo na linatoa, mkanda wa uzito unafunguka kwa mkono mmoja, vifungo vyote vimeshika, halafu hewa. Kwenye hewa ndo tunachukua muda. Unaweka regulata, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni unavuta pumzi nne tano za nguvu na macho yako yako kwenye geji ya presha WAKATI unavuta. Watu wengi wanaangalia geji kwanza, wanaona 200 (bar, kipimo cha presha), wanaridhika, halafu ndo wanajaribu kuvuta huku wameshaanza kuangalia bahari. Hapana jamani, hivyo vitu vinaenda pamoja, maana geji inasoma presha iliyokwishapita kwenye koki, haijui mtungini kuna nini. Koki ikiwa imefunguliwa kidogo tu sindano itakaa vizuri kabisa kwenye 200 ikikudanganya, ukivuta ndo inaporomoka, ukiacha inapanda tena taratibu. Yangu ilisimama kama msumari. Nikaona mi, akaona mwenzangu, tukamaliza.

Sasa tumekaa ukingoni mwa boti, migongo imeangalia maji, wanahesabu tatu mbili, nikasikia mkono nyuma ya shingo, krrr, krrr. Yule kijana anayebeba mitungi. Hajaniuliza, hajasema samahani kaka naangalia, yaani kaninyonga koki kama anafunga bomba la bafuni, na "moja" ikaitwa nikaenda nayo. Nikiwa juu ya maji nikatoa regulata nikamwuliza we kaka umefanya nini huko nyuma? Akanijibu huku kashageukia mtu mwingine, "Nimekufungulia, we shuka tu, hii ndo kazi yangu kila siku." Wenzake wakacheka. Nikavuta pumzi pale juu, hewa inakuja, haina shida yoyote, tukashuka.

Mita 10 sawa. Tukaendelea kushuka na ukingo wa mwamba, mahali pazuri sana kwa kweli, sitawanyima hilo, na kwenye kama mita 20 nikaanza kuhisi regulata inakuwa nzito. Mwanzo kidogo. Halafu ikawa navuta na kitu hakiji, kinakuja nusu, kinakatika. Nikaishika geji nikaiweka mbele ya maski. Nikavuta: sindano ikashuka hadi karibu na sifuri. Nikaacha: ikapanda, 60, 100, 150 na ushee. Nikavuta tena, chini. Inacheza yaani. Hiyo picha sitaisahau, sindano inakwambia mtungi umejaa na mtungi hauna kitu ndani ya pumzi moja.

Na hapa kwa wale wanaosema mbona juu ilikubali. Juu ya maji una presha ya bar 1 tu, pumzi yako ni ndogo, hata kitundu kidogo kinatosha kuipitisha, hasa mtungi ukiwa umejaa. Kila mita 10 unazoshuka inaongezeka bar 1, kwa hiyo kwenye mita 20 uko kwenye bar 3 na pumzi ileile ya kifua chako inataka hewa mara tatu. Na huku mtungi unazidi kupungua nguvu ya kusukuma. Kitundu ni kilekile. Ndo maana hii kitu haikuumbui kwenye boti, inakungoja chini huko.

Sasa nyota. Aliyekuwa anatuongoza chini ni dada mmoja, na huyu nikimsifia nitajaza ukurasa. Sikuwa nimemaliza hata ishara ya "hewa hakuna", alikuwa ameshafika, regulata yake ya akiba iko mbele ya mdomo wangu, mkono mmoja kashika jaketi langu nisiende popote, macho kayatoa ananiangalia mpaka pumzi yangu ikatulia. Mwenzangu naye alikuwa pembeni keshanyoosha ya kwake, kachelewa kwa sekunde tu. Halafu dada akapeleka mkono nyuma, akaizungusha koki, akaizungusha, akaizungusha, naisikia kabisa inavyofunguka mizunguko kadhaa! Akanionyesha geji, akanionyesha regulata yangu, vuta. Nikavuta. Sindano tuli, kwenye 140 hivi. Nikavuta tena. Tuli.

Wengine wangeendelea na safari, si tatizo limeisha? Huyu akapiga ishara ya kupanda wote, hakuna mjadala. Tukapanda polepole, nina uhakika haikufika mita 9 kwa dakika maana kompyuta yangu ya kuzamia haikulia hata mara moja, tukasimama mita 5 dakika tatu kamili ingawa mi nilikuwa natamani kuliona jua. Najua kuna mtu anasoma hapa anawaza yeye angepiga mapezi moja kwa moja mpaka juu. Kutoka mita 20 hewa iliyo kifuani inatanuka mara tatu ukifika juu, ukibana pumzi mapafu yanachanika, na haihitaji hata mita nyingi hivyo. Mgeni wa mara ya kwanza na koki ile angefanya hivyohivyo. Hilo ndo linanichoma mpaka leo.

Juu kwenye boti. Nikamfuata kijana, kwa adabu kabisa wallahi, nikamwambia kaka koki ilikuwa karibu imefungwa. Unajua kasema nini? "Kwani si umerudi mzima?" Nikamwambia sijaja kubishana, nataka ujue ulichofanya. Maana najua alichofanya: kaizungusha upande wa kufunga mpaka mwisho akidhani anafungua, halafu karudisha kidogo ule mrudisho wa kizamani, fungua yote rudisha robo mzunguko. Wakufunzi wengi siku hizi wanasema acha huo mchezo, koki iwe imefunguliwa yote au imefungwa yote, kwa sababu hii hii, mtu akichanganya upande anabaki na kitundu na anaamini kafungua. Akaniambia mi najifanya profesa. Sawa.

Nikaenda ofisini, yule bosi wao akanisikiliza huku anachezea simu, akasema inawezekana nilipata woga nikamaliza hewa haraka, inatokea kwa wageni. BOSI. Hewa nimemaliza vipi na nimepanda na mtungi una zaidi ya nusu? Mwambie mtu yeyote aliyewahi kushika geji akueleze hiyo hesabu. Na dada alikuwa amesimama pale mlangoni akasema waziwazi mbele ya bosi wake, "Koki ilikuwa imefungwa, nimeifungua mimi." Kimya. Bosi akasema tutalifanyia kazi. Pole hakuna, hata ile ya uongo.

Sasa nimekaa naandika na naona nyota moja ni uonevu. Vifaa vyao kwa kweli visafi, hewa haina harufu yoyote, maelezo kabla ya kushuka yalikuwa mazuri (ya dada tena), na yeye peke yake ndo aliyezunguka kuuliza nani ana ndege kesho, akamwambia baba mmoja aliyekuwa ametoka kwenye mizamo kadhaa kwamba asipande ndege kabla ya masaa 18. Mzee alinuna lakini akabadilisha tiketi. Watu wa hivyo ni wachache. Tatu basi. Nyota tatu.

Hapana, ngoja. Mbili. Maana nimekumbuka wakati tunashuka kwenye boti kundi la mchana lilikuwa linapanda, lina vijana wawili bado wana zile karatasi za kozi mkononi, na kijana wa mitungi ndo huyohuyo, na alikuwa ameshaanza kupita nyuma yao, mkono kwenye koki. Niliwafuata nikawaambia vuteni mkiangalia geji, na akishagusa mtu mwingine vuteni tena, hata kama mmeshakaa ukingoni na wanahesabu, wanyamazisheni mvute. Mmoja alinielewa haraka, mwingine aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Kijana akanisonya.

Kwa hiyo mbili, na nusu ya ziada kama mfumo ungeruhusu. Mwenzangu anasema anataka turudi kwa ajili ya ule mwamba na mi nimesema sawa kwa sharti moja, tupige simu kwanza tuulize dada yuko zamu gani. Na nyie fanyeni hivyo. Wakisema hayupo, msipande ile boti.