Civil 3D kwa kazi ya hifadhi ya barabara: mstari wa kati safi, viwanja vinataka tahadhari

Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ipandishe hifadhi ya barabara kuu nchini Tanzania kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, michoro ya upanuzi haikwepi swali la kila kiwanja kinamegwa mita ngapi za mraba. Civil 3D, programu ya Autodesk ya kusanifu barabara, inalijibu, ila njia inayoonekana ya mkato ndiyo inayoharibu mchoro.

Tuanze na mstari wa kati, maana hapo programu hii haina mpinzani wa karibu. Kona ikiwekwa ya aina ya "Free", inabaki imegusana vizuri na sehemu zilizonyooka za pande zote mbili hata ukisogeza makutano yake; cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara), lebo na wasifu wa ardhi vinafuata vyenyewe. Polilaini, yaani mstari wa vipande vilivyounganishwa, nayo inageuzwa kuwa mstari wa kati kwa amri moja, lakini ukiacha tiki ya kuongeza kona, kila kona inapewa nusu kipenyo kilekile cha kuanzia. Pita moja moja. Kwa mwendo (V) wa 80 km/h, mwinamo wa barabara kwenye kona (e) wa 8% na msuguano (f) wa 0.14, hesabu ya nusu kipenyo cha chini kabisa, V²/[127(e+f)], inatoa mita 229. Chini ya hapo, alama ya tahadhari inatokea iwapo tu umewasha ukaguzi wa vigezo. Faili za vigezo za msingi ni za AASHTO, yaani viwango vya barabara vya Marekani, kwa hiyo anayefuata mwongozo wa Wizara ya Ujenzi ajaze jedwali lake mwenyewe.

Shida iko kwenye viwanja. Civil 3D inaviweka ndani ya saiti, yaani kundi la vitu vya mchoro, na vitu vyote vya saiti moja vinaathiriana. Ukihamishia mstari wa kati kwenye saiti ya viwanja kwa "Move to Site", kila kiwanja unachokikatiza kinapasuka hapohapo na vipande vinaanza kupewa namba mpya. Jedwali la fidia lililotegemea namba za mpima ardhi limekwisha. Pia mkato unapita katikati ya barabara, wala si kwenye ukingo wa hifadhi, hivyo eneo unalosoma halimsaidii mthamini. Acha mstari wa kati kwenye "None", yaani bila saiti, tangu siku ya kwanza. Mistari ya kusawazisha udongo ipewe saiti yake pia, kwani ikikutana na mipaka ya viwanja, miinuko inaanza kuvutana.

Kabla hata ya hapo, safisha data ya upimaji. Viwanja vikija kama polilaini zilizofungwa, mpaka mmoja unakuwa umechorwa mara mbili, mara nyingi kwa tofauti ya milimita chache, na programu inazaa viwanja vyembamba kama uzi kati ya majirani. Amri ya MAPCLEAN, kwa kufuta mistari pacha na kuunganisha nukta zilizo ndani ya mita 0.01, inaondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Hakikisha pia ukanda wa koordineti wa mchoro ni uleule wa upimaji: Arc 1960 ya UTM 37S kwa Dar es Salaam, 36S kwa Mwanza.

Kwa hifadhi yenyewe kuna zana ya "Create ROW", na wengi wanaikimbilia. Inakata vizuri na hata kuzungusha pembe za makutano. Kasoro yake ni kwamba matokeo hayana uhai: mstari wa kati ukisogea, hifadhi inabaki ilipokuwa, bila onyo lolote. Kusogea mita 1 mbele ya kiwanja chenye upana wa mita 100 ni mita za mraba 100 zinazolipwa kimakosa.

Utaratibu unaofaa zaidi ni huu. Tengeneza mistari sambamba ya mita 30 kushoto na kulia. Hiyo inafuata mstari wa kati kila unapohaririwa. Muundo ukishapitishwa, nakili viwanja kwa "Copy to Site" kwenda saiti mpya, iite Fidia, chora polilaini juu ya kingo hizo mbili, kisha zigeuze kuwa mipaka ya viwanja ndani ya Fidia tu. Saiti ya awali inabaki na namba za mpima, na ya Fidia inakupa eneo la kila kipande. Barabara ikibadilika, futa Fidia urudie. Inachosha, ndiyo, na kwa programu ya kulipia kila mwaka tungetarajia zaidi.

Kama kazi yako inaishia kwenye orodha ya maeneo yanayomegwa, huhitaji leseni hii. QGIS, programu ya ramani ya bure, inatengeneza bafa (ukanda kandokando ya mstari) ya mita 30 na kuikatiza na viwanja kwa hatua mbili, namba za viwanja zikiwa salama kwenye jedwali. Chagua ncha bapa za bafa, na kona za mstari wa kati zigawe vipande vifupi kabla ya kuuingiza, la sivyo ukingo wa hifadhi utakuwa na pembepembe na maeneo ya kwenye kona yatakosewa.