Cha kupaka ngazi ya mbao: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kabla hujatoa pesa, piga magoti utazame ukingo wa mbele wa kidato, pale katikati. Ndipo kila unyayo unapotua na kusugua, na ndipo vanishi huisha mapema kuliko mahali pengine popote. Dondoshea tone la maji. Likikaa kama ushanga, kinga bado ipo. Likinywewa na mbao ikakolea rangi, nenda kanunue.

Chaguo langu la kwanza ni vanishi ya poliyurethani ya maji, ila iwe imeandikwa kuwa ni ya sakafu, maana ya samani haihimili nyayo. Hukauka kwa saa chache, harufu yake si kali, na haigeuzi mbao kuwa njano. Piga koti (tabaka) tatu, ukipitisha msasa namba 220 kati ya koti moja lililokauka na linalofuata. Chukua yenye mng'ao hafifu. Ile inayong'aa kama kioo huanika kila mkwaruzo.

Ya pili ni mafuta yaliyochanganywa na nta ngumu. Utayarudia mapema zaidi, lakini ukingo ukichakaa unapiga msasa na kupaka hapohapo, bila kukwangua ngazi nzima. Mwenye mbwa, kwa ajili ya mikwaruzo ya kucha, anaweza kuyaweka ya kwanza, nami sitabishana naye. Ila tafadhali sana: vitambaa vilivyolowa mafuta haya usivirundike kwenye ndoo. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vizamishe majini.

Vanishi ya poliyurethani ya mafuta ni ya tatu. Ni imara kweli, lakini inanuka, inaleta umanjano, na kila koti hutaka kulala usiku kucha. Rangi ya sakafu ninaiweka ya nne, kwa mbao zenye viraka visivyofichika.

Nta ya kung'arisha usinunue kwa ajili ya vidato. Mama yangu alikanyaga kidato kilichopakwa nta jana yake, akashuka kwa mgongo hadi chini. Tena nta ikishaingia kwenye mbao, vanishi ya baadaye haishiki vizuri. Ibaki kwenye reli ya kushikia.

Siku ya kupaka, paka kidato kimoja, ruka kimoja, ili watu waendelee kupanda. Vilivyobaki utavipaka vya kwanza vikishakauka kabisa.