Unanunua simu Dodoma? Pima kwanza kiboksi cha kutafutia

Mwezi wa nane nilimnunulia mama mdogo simu. Anaishi Hombolo, analima zabibu, na alishachoka kuazima simu ya mwanawe kila anapotaka kuangalia jambo. Nikaingia duka moja pale One Way, nikatoa 240,000, nikatoka nimeridhika. Chaji inakaa siku mbili, kioo kikubwa, sauti ya kusikika mpaka shambani.

Wiki ya pili akanipigia. Mizabibu ilikuwa imeingia ubwiri unga, ule ugonjwa unaoacha majani meupe kama yamenyunyiziwa sembe. Alikuwa ameandika "dawa ya unga mweupe kwenye zabibu" kwenye kile kiboksi kilichokaa katikati ya kioo. Akaletewa matangazo ya mikeka ya mpira, mikopo ya haraka, na kurasa za Kiingereza zenye picha za chupa za mvinyo. Kila akigusa, linafunguka tangazo jingine. Bando la wiki liliisha siku ya tatu, na dawa hajaipata.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Hombolo. Nikakaa chini ya mwarobaini wake na ile simu mkononi. Kiboksi hakikuwa cha Google, wala Bing, wala injini yoyote ya kutafutia ninayoijua. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha, kikakubali. Nikazima simu, nikaiwasha. Kimerudi kilekile! Nikabadilisha tena, nikazima, nikawasha. Kimerudi. Mara ya tatu mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, acha tu, nitamuuliza jirani." Maneno hayo yaliniuma kuliko zile laki mbili na arobaini.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu sitagusa kamera wala RAM. Hayo muuzaji atakusomea kutoka kwenye boksi bila hata kumwomba. Mimi nataka kujua kitu kimoja: ukiuliza swali kwenye simu uliyoinunua kwa pesa yako, nani anakutafutia jibu, na je, unaweza kumbadilisha akabaki amebadilika?

Kiboksi kile ni kiwanja, na kina bei. Google ina takriban asilimia 90 ya utafutaji wote duniani. Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Kwenye kesi hiyo ikajulikana kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari (programu za kufungulia kurasa za intaneti) na kampuni za mitandao, ili iwe ndiyo injini unayoikuta simu ikiwashwa. Apple ilipokea kama dola bilioni 20 mwaka 2022. Pesa zote hizo ni za kununua uvivu wetu, maana wanajua watu wengi hatuingii kwenye mipangilio. Na kama nafasi hiyo ina thamani kiasi hicho kwa wakubwa, usishangae mtengenezaji wa simu ya bei ya chini naye akiiuza kwa yeyote atakayefika bei.

Ulaya waliliona mapema. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya Android, mfumo wake wa kuendeshea simu, na siku hizi kule simu mpya ya Android ikiwashwa mara ya kwanza inamuuliza mwenyewe achague injini. Marekani, Septemba 2025, Jaji Mehta alikataa kuilazimisha Google iuze kivinjari chake, Chrome, ila akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wenzake nje na akaiagiza iwape washindani baadhi ya data zake. Kulipia nafasi hakukukatazwa. Huku kwetu simu ya mama mdogo haikumuuliza kitu.

Nisieleweke vibaya, sikwambii uihame Google. Kwa Kiswahili bado inawazidi wengine. Andika "bei ya alizeti Kibaigwa" kwenye injini tatu tofauti ujionee. Anayeulizwa na wengi hujifunza kutoka kwa wengi, na aliye nacho huongezewa. Isitoshe, majina ya washindani ni mengi kuliko maghala ya kurasa wanakochota majibu: DuckDuckGo na Yahoo huchota sehemu kubwa ya majibu yao kwa Bing ya Microsoft. Brave wana ghala lao wenyewe. Mimi natumia DuckDuckGo kwa mambo ya afya na pesa, kwa sababu haiweki kumbukumbu ya nilichouliza ikanifuata nacho kwa matangazo, na Google kwa mengine. Lakini nimechagua mimi.

Sasa simu zenyewe.

Namba moja kwangu ni Samsung Galaxy za familia ya A, na sifichi kwamba naipenda Samsung. Kiboksi cha kwenye kioo unakibonyeza na kukishikilia, unakiondoa, kimeondoka. Unaweza kuweka cha kampuni nyingine palepale. Kivinjari chake, Samsung Internet, kina sehemu ya kuchagua injini, na Chrome vilevile. Ya kwangu nimeizima na kuiwasha mara tatu mfululizo kwa ajili ya makala haya. Nilichoweka kimebaki. Ndiyo niliyompelekea mama mdogo baadaye, na nilimwekea kiboksi cha Google kwa sababu yeye anauliza kwa Kiswahili tu.

Namba mbili ni iPhone iliyotumika. Kwenye mipangilio ya Safari unakuta Google, Yahoo, Bing, DuckDuckGo na Ecosia, unagusa moja, imeisha. Tatizo ni wauzaji wake. Usitoe hata shilingi kabla hujahakikisha haijafungwa kwa akaunti ya iCloud ya mtu mwingine.

Huawei za karibuni naziweka nyuma. Tangu vikwazo vya Marekani vya 2019, mpya zake zinakuja bila huduma za Google, na injini yao ni Petal Search. Kwa kijana wa UDOM anayejua kuhangaika na simu, sawa. Kwa mzazi wa kijijini, hapana.

Tecno, Infinix na itel ziko kila kona na bei zake zinafikika. Pima ile unayoishika mkononi.

Kipimo chenyewe ni dakika tano. Nenda na laini yako yenye bando, usitegemee intaneti ya dukani. Iweke kwenye simu. Andika swali la Kiswahili kwenye kiboksi, angalia jina la injini iliyokujibu. Kibadilishe au kiondoe. Zima simu, washa, angalia tena. Muuzaji akikukatalia kuwasha simu kabla hujalipa, toka.

Maana ukishalipa umekwisha. Niliporudisha ile simu, kijana alininyooshea kidole kwenye kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Sista, simu si inapiga?" Nikamwomba basi risiti ya EFD ambayo hakunipa siku ya kwanza. Mashine haina mtandao, akasema. Duka linalouza simu na laini, mashine ya risiti haina mtandao!

Na bei. Samsung ileile niliyomnunulia mama mdogo ilikuwa 60,000 zaidi ya bei niliyotajiwa na winga wa Kariakoo kwa simu. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa usafiri. Usafiri gani? SGR inatoka Dar inafika hapa kwa saa nne hivi, na simu mia zinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Enzi za barabara mbovu tulivumilia maelezo hayo.

Ile ya 240,000 iko kabatini kwangu, imezimwa. Nimekataa kumuuzia mtu. Mama mdogo alipulizia salfa, aliambiwa na jirani yake kabla simu ya pili haijafika.