Nimehamia kwenye deki ya diski ya daraja la juu, uzoefu wangu

Kwa mda mrefu CD zangu nilikuwa nazichezea kwenye deki ya DVD ya kawaida, ile ile ya kuangalizia muvi, nimeichomeka kwenye amplifaya nzuri na spika nzuri kabisa, na kila nikikaa kusikiliza nasikia kuna kitu kinapungua. Saivi nimehamia kwenye deki ya daraja la juu, inasoma CD na SACD (Super Audio CD, aina nyingine ya diski ya muziki), na imekaa ndani vya kutosha kuiongelea. Kampuni sitaitaja maana mengi ninayoyasema utayakuta kwenye deki nyingi za kiwango hiki.

Umbo lake kwanza. Ni nzito haswa, ndani ina transfoma kubwa ya mviringo, na umeme wa mota na leza umetenganishwa na umeme unaoenda upande wa sauti. Trei inatoka taratibu, ukiifunga hata ukiinamisha sikio juu ya boksi husikii diski inavozunguka. Hili wengi wanalidharau lakini CD inasomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, mwanzo inazunguka kama mara 500 kwa dakika na ikifika mwisho imeshuka mpaka kama 200, kwahiyo nyimbo za mwanzo wa albamu ndo mota inakimbia zaidi na deki yangu ya zamani hapo ilikuwa inaunguruma mpaka unausikia chumbani, piano ikiwa inapigwa taratibu inakera sana.

Sasa sauti. Watu wanategemea ukibadilisha deki muziki utalipuka, hapana. Kilichobadilika ni vitu vidogo vidogo, na ndo vinavyonifanya nikae mpaka albamu iishe. Noti ya piano ikipigwa unaisikia inavofifia mpaka inapotelea kabisa, zamani ilikuwa inakatika kabla. Besi haijaongezeka ila imebana, gitaa la besi na ngoma kubwa zinapogonga pamoja unajua hiki ni hiki na kile ni kile. Mwimbaji anasimama katikati ya spika na waitikiaji wako nyuma yake, yaani unaweza kuwanyooshea kidole walipo.

Ila wakuu, ukienda kulinganisha deki mbili sawazisha kwanza sauti. Deki hazitoi volti sawa, nyingi zinatoa kama 2 na zingine zaidi, na sikio siku zote linapenda kilicho juu, desibeli moja tu inatosha kukufanya useme hii ndo bora. Mimi nilicheza diski yenye mlio wa majaribio wa Hz 1,000 nikapima volti kwenye nyaya za spika kwa mita ya umeme, nikarekebisha amplifaya mpaka zikalingana, ndo nikaanza kusikiliza. Tofauti ilibaki, ila ilipungua, na anayekwambia ni kama mbingu na ardhi muulize kama alipima.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni hili. Deki mpya ina tundu la kuingizia dijitali, kwahiyo nikatoa waya wa dijitali kwenye deki ya DVD nikauingiza humo, yaani ya zamani inasoma diski halafu mpya ndo inageuza namba zilizosomwa kwenye diski kuwa sauti. Tofauti karibu yote ikapotea! Maana yake ya zamani ilikuwa inasoma vizuri tu, CD yenyewe imetengenezwa na namba za ziada za kusahihisha makosa ya usomaji, tatizo lilikuwa baada ya kusoma, kwenye DAC (sehemu inayogeuza namba kuwa sauti) na sakiti za sauti. Kwahiyo kama deki yako inatoa dijitali na hela haitoshi, DAC nzuri ya nje itakupeleka mbali sana, na kama spika zako ni dhaifu anza na spika, hata usifikirie deki.

Kilichonifanya nichukue hii badala ya DAC peke yake ni SACD. Ilitoka mwaka 1999, ni ya Sony na Philips walewale walioleta CD, na badala ya biti 16 mara 44,100 kwa sekunde kama CD inatumia biti 1 mara 2,822,400 kwa sekunde. Diski nyingi zina tabaka mbili, ya CD na ya SACD, ila usikimbilie kulinganisha tabaka hizo ukadhani unapima mfumo, kuna diski ambazo kila tabaka imeandaliwa kivyake studio. Mimi nadhani uzuri mwingi wa SACD zangu unatoka kwenye maandalizi hayo, na wala sijali, nazipenda hivo hivo. Jua tu kwamba deki nyingi hazitoi SACD kwenye waya wa kawaida wa dijitali, utatumia nyaya za analogi.

Kasoro zipo. Ukiweka SACD inachukua mda kuitambua, na diski yenye mikwaruzo mingi ambayo ya zamani ilikuwa inajikongoja nayo hii inaikataa. Rimoti imejaa vitufe ambavyo sivitumii. Na kabla ya kulipa uliza leza ya akiba inapatikana au la, maana leza inachoka, na mashine ya hela hii isiyosoma diski inabaki DAC yenye trei.