Kipimaji cha pawasaplai: kinachoona na kisichoona

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia kipimaji cha pawasaplai (sehemu ya kompyuta inayozigawia sehemu nyingine umeme), kile kiboksi cha ukubwa wa kiganja chenye kioo kidogo katikati na soketi pande zote, ambacho nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 38,000. Hakina jina la kampuni, na vinavyouzwa madukani vinafanana sana, hivyo ninaamini kwamba niliyoyaona kwenye changu yatamfaa yeyote anayefikiria kununua. Nilikinunua kwa sababu ya kompyuta ya mpwa wangu, ambayo tuliiunga wenyewe sebuleni kwangu, kifaa kimoja baada ya kingine, naye huitumia kuhariri video za harusi.

Kazi ya kifaa hiki inaeleweka upesi. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani hutoa umeme wa aina kadhaa kwa wakati mmoja: volti 12, volti 5, volti 3.3, volti 12 hasi, na volti 5 za akiba ambazo hubaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu swichi ya ukutani imewashwa. Ukichomeka plagi kubwa ya pini 24, kipimaji chenyewe huiamuru pawasaplai iwake, kazi ambayo mafundi wengi huifanya kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Laini kuu, yaani njia za umeme huo, zikikaa ndani ya asilimia 5 ya kiwango chake, yaani kati ya 11.4 na 12.6 kwa laini ya volti 12, kioo hutulia. Zikivuka mpaka huo, namba hupepesa na kifaa hulia. Ipo namba nyingine iliyoandikwa PG, inayosomeka kwa milisekunde, nayo ni muda ambao pawasaplai huchukua kabla ya kuiarifu mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwamba umeme umetulia. Inatakiwa iwe kati ya 100 na 500.

Kompyuta ya mpwa wangu iliwaka bila shida na kufungua programu zote bila shida, lakini kila alipofika hatua ya kutoa video iliyokamilika, ilizima ghafla na kujiwasha upya. “Mjomba, imezima tena,” alinipigia simu usiku, wenye harusi wakiwa wamesubiri kazi yao wiki mbili. Nilichomeka kipimaji nikasoma 12.1, 5.0, 3.3, PG 290, bila mlio wowote. Kwa kuwa kioo kiliipitisha pawasaplai, nilihamishia lawama kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: nikavitoa vipande vyote viwili, nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha kimoja kimoja kwenye kila tundu, na hatimaye nikanunua kipande kipya cha gigabaiti 8. Kompyuta iliendelea kuzima.

Namba zile hazikuwa za uongo. Kipimaji huiwasha pawasaplai bila kuitwika mzigo wa maana, ilhali kompyuta inayotoa video huzitumikisha prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja, na hizo mbili peke yake zinaweza kudai wati 200 na zaidi. Ni kama kumkagua mchukuzi akiwa amesimama mikono mitupu, kabla gunia halijafika begani. Jambo hili halijaandikwa popote kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelezo, na kwangu hiyo ndiyo dosari kubwa kuliko zote, kwa sababu mnunuzi huamini kwamba kioo kikinyamaza, pawasaplai ni nzima.

Aliyelibaini tatizo ni mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwetu, kwa multimita yake ya kawaida, kile kifaa cha kupimia umeme chenye ncha mbili. “Iwashe kwanza, halafu ipe ile kazi inayoishinda,” aliniambia. Aliiweka multimita kwenye volti za DC, akaingiza ncha nyeusi kwenye tundu la waya mweusi wa plagi ya pini 4 iliyokuwa haina kazi, na ncha nyekundu kwenye la waya wa njano. Kompyuta ikiwa imetulia tulisoma 12.02. Mpwa wangu akaanza kutoa video, feni ya kadi ya grafiki ikapandisha sauti, na namba ikaanza kushuka mbele ya macho yetu: 11.71, 11.44, 11.20, kisha skrini ikawa nyeusi.

Ndipo nilipoitoa pawasaplai na kusoma kibandiko chake kwa makini, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kuinunua. Juu kimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Chini, ndani ya jedwali, laini ya volti 12 imepewa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, upate wati 216, na laini hiyohiyo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki. Tulipofunga pawasaplai nyingine yenye ampea 40 kwenye laini hiyo, multimita haikushuka chini ya 11.93 mpaka video ilipokwisha.

Hata hivyo sijakitupa kipimaji, na sina nia ya kukitupa. Jirani yangu alipoletewa umeme baada ya kukatika usiku kucha, kompyuta yake ilikataa kabisa kuwaka, na alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba mazabodi imeungua. Nilichomeka kipimaji, kikalia papo hapo: volti 5 za akiba zilikuwa 4.2. Alibadilisha pawasaplai tu, na mazabodi ile inafanya kazi hadi leo. Kwa kifaa kilichokufa au kinachoelekea kufa, kipimaji hutoa jibu kwa nusu dakika, bila kushika waya wowote ulio wazi.

Kwa upande wa utengenezaji, soketi zimekaza na kioo kinasomeka vizuri hata penye mwanga hafifu, ila maandishi ya pembeni ni madogo mno, na hapo ninawaomba wasomaji wawe waangalifu. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya kadi ya grafiki zinafanana kwa sura, lakini nyaya zake za njano na nyeusi zimepangwa kinyume, kwa hiyo plagi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Na pawasaplai ikithibitika mbovu usiifungue, kwani kapasita zake, yaani vihifadhi umeme vya ndani, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Mwenye kompyuta moja nyumbani ningemshauri anunue multimita kwanza, ambayo mimi niliipata kwa shilingi 20,000, na ajifunze kupima kompyuta ikiwa kazini. Anayewaungia wengine kompyuta, au anayenunua pawasaplai zilizotumika, atafaidika kuwa na vyote viwili. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akichomeke kwenye pawasaplai yake dukani na ulinganishe namba na za multimita. Changu huzidi kwa volti 0.1 kwenye laini ya 12, nami nimeiandika tofauti hiyo kwa kalamu ya wino mgongoni mwake.