Dustoff, ambulensi ya anga ya Vietnam: ubora wake na kasoro zake

Kwa huduma ya kutoa majeruhi vitani, Dustoff ya Jeshi la Marekani ndiyo ambayo zilizofuata zimepimwa nayo. Kuanzia 1962 hadi 1973 helikopta hizi zilibeba watu zaidi ya 850,000, wanajeshi na raia. Ila ilianza kwa kuchechemea.

Kikosi cha 57 cha ambulensi hizi kilitua Vietnam Aprili 1962 na helikopta 5 za Huey, aina ya UH-1A. Tayari hapo palikuwa na nafuu kubwa: kwenye helikopta ndogo za H-13 za vita vya Korea majeruhi wawili walifungwa nje, mmoja kila ubavu, na hakuna wa kuwagusa mpaka watue. Ndani ya Huey tabibu anaweza kuzuia damu na kutundika dripu safarini. Lakini mwaka huohuo jenereta za kuwashia injini zilichukuliwa zikafungwe kwenye helikopta za mapigano, ambulensi zikabaki chini.

Wakubwa walitaka hata misalaba myekundu iwe ya kubandua, ili helikopta zipewe kazi yoyote. Meja Charles Kelly, aliyeshika kikosi Januari 1964, alikataa, akawa anaruka usiku na mchana kuonyesha kwamba kazi ipo. Aliuawa Julai 1 mwaka huo akifuata majeruhi. Msimamo wake ndio uliobaki, na kwangu hiyo ndiyo siri ya huduma hii kuliko injini yoyote: ambulensi isiyo na kazi nyingine haisubiriwi imalize kushusha risasi.

Huey za UH-1D na UH-1H zilizofuata zinachukua machela 6, au watu 9 wa kukaa. Ukijaza machela zote, tabibu anabanwa. Ni afadhali machela 3 na wanaojiweza kukaa.

Winchi, mashine ya kumvuta majeruhi juu kwa waya helikopta isipoweza kutua, ilianza kutumika 1966. Waya wa mita 75 hivi, uwezo wa kuinua kilo 270 hivi, na chuma chenye ncha kinachopenya matawi. Kikifika chini unakunjua viti vyake vitatu na kumfunga majeruhi kwa mikanda. Hapa ndipo penye hatari. Helikopta inaning'inia palepale juu ya miti, shabaha rahisi mno. Waya ukinasa, kuna kitufe cha kuukata, na hakiulizi nani yuko juu yake. Katika joto la milimani injini ya nguvu farasi 1,100 ya UH-1D ilikuwa ikiishiwa pumzi. Ile ya 1,400 ya UH-1H ndiyo iliyotibu tatizo.

Kuiita ambulensi, kwa utaratibu wa leo, ni ujumbe wa redio wa mistari 9: mahali, masafa ya redio na jina la mwito, idadi kwa uzito wa hali zao, vifaa maalumu kama winchi, wangapi wa kulala na wangapi wa kukaa. Mitano hiyo inatosha rubani aondoke. Minne iliyobaki unamtumia akiwa angani.

Kosa linalorudiwa ni la moshi wa rangi, ule wa kumwonyesha rubani mahali pa kutua. Aliye chini anaropoka redioni, "Narusha wa zambarau," adui anasikia, naye anarusha wa zambarau mahali pake. Rusha kwanza, nyamaza. Rubani ndiye ataje rangi anayoiona, wewe uthibitishe tu.